Kila Ukuta na Shimo Lake

Mimi nilishika ncha ya futi,
mpima akashika kitabu.
Ndiyo kazi niliyoipata: kusimama juani Manda
nikiambiwa sogea, sogea, hapo hapo.

Nyuma ya Maweni, kabla hujafika mikokoni,
ardhi imeng'olewa meno.
Mashimo ya mraba, ngazi kwa ngazi,
pembe zake kali bado kama za sanduku jipya.
Ndani maji ya mvua, viluwiluwi,
ndala moja ya mtoto.
Odero, anayekata mawe hadi leo kwa ujira wa siku,
alipangusa ubavu wa shimo kwa kiganja:
"Huyu alikuwa wa mkono wa kushoto.
Tazama patasi ilivyolala."

Nikatazama. Mistari mitatu imeteremka,
wa nne umekatika katikati.
Labda aliitwa. Labda alipigwa.
Labda alisita tu kufuta jasho.
Ng'ambo, Mkomani, nyumba zina hati,
na hati zina majina ya waliolala ndani,
waliorithi, walioshitakiana.
Huyu ameandikwa hapa tu,
na mwandishi ni yeye mwenyewe.

Maana kila ukuta wa mji una shimo lake huku.
Chumba cha ndani alimofichwa bibi arusi
kiko huku, kimepinduliwa, kimejaa maji.
Daka liko huku, na msana, na choo.
Ungeweza kuunyanyua mji kwa masikio yake kama sufuria
ungeurudisha, ungeingia,
usibaki hata upenyo wa sisimizi.

Hatua themanini kaskazini nikakanyaga kitu
kilicholia kama ganda la yai.
Duara. Nyasi zimelizunguka
zikakataa kuingia,
na udongo wake mweupe, weupe wa unga
uliomwagwa na mtu mwenye haraka.

Tanuu.

Babu yangu Shekuwe alikuwa mchoma chokaa.
Nimemkumbuka kwa vidole: vililiwa vikawa laini,
hata karani wa vipande alipombonyeza kwenye wino
mara nne karatasi ilipokea doa tu,
doa jeusi lisilo la mtu yeyote.
Walipanga magogo ya mkoko kwa duara,
mawe juu, tundu katikati ya kupokea moto,
na siku tatu hakulala mtu.
Kisha waliliacha rundo lilale lenyewe,
umande ulimalizie kazi.
Bibi Mwana Somoe hakumsifu hata siku moja.
"Alikohoa," alisema. "Na kanzu zake hazikutakata,
nyeupe juu ya nyeupe, nami nikifua tu."

Mpima akasema: bikoni iingie hapa, katikati.
Odero akapiga chuma. Kikaruka.
Akapiga tena, zikatoka cheche.
Chokaa waliyoisahau ilikuwa imenyeshewa miaka na miaka
ikarudi kuwa jiwe
bila kuombwa na mwashi.
Tukatazamana. Mpima akatazama saa.
"Sogezeni mita mbili," akaandika.

Kwa hiyo ploti namba kumi na saba,
ya bwana mmoja wa Nairobi asiyewahi kuiona,
ina kijipindo upande wa mashariki.
Akiuliza, ataambiwa wapimaji walikosea.

Nyumba yangu mimi ni ya saruji.
Mifuko ilikuja kwa boti, imeandikwa uzito na kiwanda,
na kuta zake hutoka jasho la chumvi kila kusi.
Jioni ile nilinawa mara tatu.
Weupe ukabaki ndani ya mistari ya kiganja,
sikujua niufanyeje.
Nikabonyeza dole gumba ukutani, kando ya swichi ya taa:
likatoka zima,
na mistari yake yote.